Kumpeleka Mama Safari Rally: Mwongozo wa Wanaotoka Kisumu, Kericho na Nakuru

Mwaka wa kwanza, 2022, niliharibu kila kitu. Nilimtoa mama Luanda ya Vihiga, nikamlaza kwangu Lanet, Nakuru, na Jumamosi alfajiri nikampakia kwenye gari la rafiki pamoja na vijana watatu waliotaka kuona mikondo miwili (vipande vya barabara ambako magari ya rali hupimwa muda) kwa siku moja. Asubuhi tuliona magari matatu. Baada ya hapo tukaanza kukimbilia mkondo wa pili, tukaingia njia ya mkato, mvua ikatukuta, na gari likazama kwenye udongo mweusi hadi ekseli. Mama alikaa ndani ya gari saa tano nzima, chipsi zilizopoa zikiwa mapajani, huku sisi tukikata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Hakulalamika. Usiku, akivua viatu, alisema hivi tu: "Baba, nilikuambia nataka kuona magari. Sikukuambia nataka kuyakimbiza."

(Nimepewa jina la baba yake, ndiyo maana ananiita hivyo.)

Tumerudi mara mbili tangu hapo, na maneno hayo ndiyo yaliyopanga kila hatua utakayosoma hapa. Kama unakwenda na vijana wenzako, mwongozo huu utakuchosha. Kama unakwenda na mtu aliyevuka miaka sitini, mwenye goti bovu na kumbukumbu nzuri, endelea.

Hatua ya 1: Muulize anakumbuka nini

Fanya hivi kabla hujatafuta hata chumba. Mzazi yeyote aliyekulia upande huu wa nchi ana Safari yake kichwani, nayo haifanani na ile utakayompeleka kuona.

Mama alikulia Londiani, ambako babu alikuwa mfanyakazi wa reli. Siku za Pasaka watoto walilala na nguo za mchana, wakisubiri mlio. Magari yalipita usiku, taa zimejaa mbele kama macho ya buibui, vyuma vya kujikinga na ng'ombe vimefungwa puani. Yakishapita, kijiji kizima kilirudi ndani kunuka vumbi na petroli. Babu alisikiliza matokeo kwenye redio, na mama, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri, aliyaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni: gari, dereva, nafasi. Baada ya Pasaka ukuta ulipakwa chokaa upya, tayari kwa mwaka ujao. Anakumbuka vizuri 1974, mwaka wa mvua kubwa, Joginder Singh alipoibuka na Mitsubishi Lancer yake ndogo akamwacha Björn Waldegård na Porsche katika nafasi ya pili. "Lansa," anasema, akitabasamu kana kwamba ni jina la mpwa wake.

Sasa, mzazi wa namna hii ukimpeleka Elmenteita kutazama mbio za siku hizi bila kumwandaa, atauliza: haya ndiyo mashindano? Mweleze mapema. Mashindano yalianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Enzi zile dereva alizunguka zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache, barabarani humo humo mlimo na mabasi, mikokoteni na ng'ombe. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na 1968 saba tena, na mara zote mbili mshindi akawa Nick Nowicki na Peugeot 404. Baada ya 2002 Kenya ikatoka kwenye mashindano ya dunia, ikarudi 2021, kitovu kikiwa Naivasha. Siku hizi barabara hufungwa kwanza. Dereva hupimwa muda kwenye vipande vilivyochaguliwa, ambavyo ndivyo ninavyoviita mikondo, na mkondo mmoja kwa kawaida hupitiwa mara mbili. Jumla ya mikondo yote 2021 ilikuwa kama kilomita 320, na 2025 ilivuka 380. Usiku magari hurudi kwa mafundi Naivasha na madereva wanalala.

"Wanalala?" mama aliuliza. "Kitandani?"

Ndiyo, mama, kitandani. Ilibidi nimpe siku mbili azoee.

Hatua ya 2: Chagua siku moja, mkondo mmoja, na ubaki hapo

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikuwa wa kwanza. Ratiba ya siku nne inakutamanisha. Ijumaa, tangu 2022, imekuwa siku ya Loldia, Geothermal na Kedong, kuzunguka Naivasha. Jumamosi magari hupanda kuja upande wetu: Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior. Jumapili hurudi Naivasha na kumalizia Hell's Gate. Ukijaribu kula yote utamlisha mzazi vumbi na foleni.

Kwa anayetoka Nakuru na kurudi nyuma hadi Kisumu, jibu ni Jumamosi. Elmenteita iko kama kilomita 30 kutoka mjini Nakuru, ilhali Naivasha ni kama 70, na hizo 40 za tofauti wikendi ya Safari ni sawa na kwenda Kisumu. Umati wa Naivasha pia ni wa aina nyingine. Kuna vijana wanaofika kule Alhamisi, wanarudi nyumbani Jumatatu, na gari pekee waliloliona ni teksi. Siwalaumu. Lakini muziki wao hauzimwi, na mama hulala saa tatu.

Faida nyingine ya Jumamosi: mkondo wa asubuhi hurudiwa alasiri. Ukikaa mahali pamoja utaona kila gari mara mbili, mara ya kwanza barabara ikiwa na sura, mara ya pili ikiwa imechimbwa na kujaa ule unga wa vumbi wanaouita fesh-fesh, ambao gari huuingia kama mtu aliyekanyaga gunia la saruji. Kwa mtazamaji mwenye umri, kuona tofauti hiyo ni burudani kuliko kona tano za haraka haraka.

Kuhusu wapi hasa pa kukaa, subiri ramani ya watazamaji ya mwaka husika, kwa sababu maeneo hubadilishwa. Baadhi huwa ya kulipia. Ukienda Hell's Gate, kumbuka hiyo ni mbuga ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na malipo ya mbuga hupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kwa hivyo usifike langoni na noti mkononi.

Hatua ya 3: Lala Nakuru

Vyumba vya Naivasha hupanda bei wikendi hiyo hadi mtu ajiulize kama ananunua kitanda au kiwanja. Gilgil hujaa mapema. Nakuru ina hoteli za kila kiwango, hospitali, maduka ya dawa ya usiku, na kama una jamaa Lanet, Pipeline, Free Area au Mbaruk, umeshinda.

Lipia mapema, na siku mbili kabla ya safari piga simu uthibitishe tena. Mwaka 2024 nilihifadhi chumba cha chini kwa ajili ya shangazi aliyekuja pamoja nasi kutoka Kisumu. Tulipofika kilikuwa kimeuzwa kwa mtu mwingine aliyeongeza pesa, na sisi tukaoneshwa chumba ghorofa ya nne, lifti hakuna. Shangazi alilala kwangu sebuleni, akakoroma kama Subaru. Tangu hapo ninadai jina la aliyenihakikishia, na ujumbe wa simu wenye tarehe, na neno "chini".

Hatua ya 4: Safiri Alhamisi au Ijumaa asubuhi

Kisumu hadi Nakuru ni karibu kilomita 180: Ahero, Awasi, Kericho, Londiani, Mau Summit, Salgaa. Usijaribu kuondoka Kisumu usiku wa manane ufike Elmenteita kumekucha. Wewe utaweza. Mzazi atafika akiwa amevimba miguu, na siku haijaanza.

Kama mnapanda matatu, mkatie kiti cha mbele au cha dirishani safu ya pili, na umlipie kiti cha mfuko wake pia kama ni ile ya watu kumi na mmoja. Wazee wengi huacha kunywa maji ili wasimsumbue dereva kwa choo, halafu dawa za presha zinawalewesha. Mwambie dereva kabla ya kuondoka, mbele ya abiria wote, kwamba mtasimama Kericho. Ukisema katikati ya safari utaonekana msumbufu. Ukisema mwanzoni, ni mpango.

Kericho simameni kweli. Joginder Singh alizaliwa hapo mwaka 1932, mtu aliyeshinda Safari mara tatu, 1965, 1974 na 1976, hadi akaitwa Simba wa Kenya. Mama huagiza chai, huangalia majani ya chai ng'ambo ya barabara, na kusema, "Mtoto wa hapa," kana kwamba alimpeleka kliniki. Dakika ishirini hizo hazipotezi muda.

Toa sweta kabla ya Londiani. Mtu wa Kisumu hubisha kuhusu baridi hadi ukungu wa Mau Summit umwingie kwenye mifupa.

Hatua ya 5: Pakia kwa ajili ya misimu miwili

Mashindano ya 2021 hadi 2023 yalikuwa Juni. Kuanzia 2024 yamesogea Machi, na Machi ni mlango wa masika. Maana yake asubuhi mtakula vumbi, alasiri mtakanyaga matope, na kati ya hapo jua la Bonde la Ufa litamchoma mama shingo. (2024 yaliangukia Pasaka yenyewe. Mama alivaa kitenge cha kanisani, akasema, "Hatimaye wamekumbuka tarehe.")

Kilicho muhimu kuliko vyote ni kiti cha kukunja chenye mgongo na mikono. Mikono ndiyo humsaidia kuinuka, na kuinuka haraka ni suala la usalama kama utakavyoona. Stuli haifai. Beba leso mbili, moja ya kujifunika vumbi na nyingine ya kutandika au kuzungushia msalani. Beba maski, hasa kama ana pumu. Beba gambuti zake mwenyewe, zile anazotumia shambani, kwa sababu gambuti mpya humkata kisigino. Mwavuli ni sawa njiani, lakini mahali pa kutazamia unawaziba walio nyuma na utatupiwa maneno, basi beba koti la mvua na kofia pana. Pamba ya masikioni anaweza kuikataa. Mpe hata hivyo, ataiomba gari la pili likipita.

Dawa zake weka katika mifuko miwili, wako na wake. Andika kwenye karatasi majina ya dawa, kipimo, na namba ya simu yako, uiweke mfukoni mwa sweta lake. Kwenye umati ule mtu akianguka, wahudumu wa Msalaba Mwekundu hawana muda wa kukutafuta uliko.

Simu yako ichaji usiku na ubebe betri ya akiba. Mtandao huzidiwa watu wakishakusanyika, kwa hivyo ramani na orodha ya magari ipakue ukiwa bado mjini.

Na daftari. Daftari la mistari la kawaida, na kalamu mbili. Nitalirudia.

Hatua ya 6: Fika giza likiwa bado lipo

Barabara ya mkondo hufungwa muda mrefu kabla ya gari la kwanza, na ikifungwa imefungwa. Polisi hatasikia kwamba una mama kwenye gari, kwa sababu kila mtu siku hiyo ana mama kwenye gari. Ondokeni Nakuru saa kumi alfajiri. Ndiyo, saa kumi. Mzazi hatateseka, hao huamka saa hiyo bila saa ya mlio. Atakayeteseka ni wewe.

Egesha gari likitazama ulikotoka, kwenye mwinuko, hata kama mteremko una kivuli kizuri. Udongo wa huku ukikauka hubeba lori, ukilowa haubebi hata mbuzi. Ukiona magari yote yameegeshwa uwanda wa chini wenye nyasi za kijani, jiulize kwa nini nyasi zile ni za kijani.

Kutoka maegesho hadi mahali pa kutazamia mnaweza kutembea kilomita moja au mbili. Kuna boda boda zitakazowasogeza sehemu ya njia, kwa bei ya siku ya sherehe. Lipa. Hapo si mahali pa kufundishana ubahili. Mwombe tu aende polepole, na wewe utembee na kiti.

Hatua ya 7: Pa kumketisha

Nitakaa hapa kidogo, maana hatua nyingine zote zinaweza kukosewa na mkarudi nyumbani salama.

Gari la rali lina uzito wa zaidi ya tani moja na linapopita mbele yako haliko sawasawa ardhini. Linateleza, linaruka, linatafuta njia. Likishindwa na kona, huenda upande wa nje wa kona. Kwa hivyo upande wa nje hapakaliwi, hata kama pana jiwe zuri kama kiti. Likiruka kwenye tuta, linaweza kutua pembeni, kwa hivyo mbele ya tuta hapakaliwi. Mahali pa chini kuliko barabara hapakaliwi, kwa kuwa mawe na gari vyote hushuka. Karibu na kivuko cha maji hapakaliwi, kokoto hurushwa kama risasi. Na utepe ukiwekwa, nyuma ya utepe ndiyo nyuma ya utepe; usipige hesabu za mita.

Kinachobaki ni upande wa ndani wa kona, juu kwenye mwinuko, mbali na ukingo, nyuma yako pakiwa na nafasi ya kurudi. Mashali, wale wenye vizibao na filimbi, watakuelekeza ukiwauliza kwa adabu. Mimi humpeleka mama mwenyewe akaulize. Hakuna mashali aliyewahi kumjibu vibaya mwanamke wa umri ule mwenye leso begani. Mara nyingi wanamtafutia mahali pazuri kuliko changu.

Nina kipimo changu. Mama akishakaa kitini, namwambia ainuke na arudi nyuma hatua kumi, bila kumshika. Ninahesabu moyoni. Akitumia muda kuliko gari linavyotumia kutoka pale linapoonekana mara ya kwanza hadi lilipo mbele yetu, tunahama, juu zaidi au mbali zaidi. Mwaka jana tulihama mara mbili. Vijana waliokuwa ukingoni walicheka. Mkondo wa alasiri Toyota moja ilitupa nyuma nje ya njia ikawamwagia mchanga hadi mdomoni, na mama akawagawia maji.

Filimbi ikilia, kila mtu asimame, hata kama gari halijaonekana. Usiwahi kuipa barabara mgongo kwa ajili ya picha. Na usivuke njia kati ya gari na gari kwa sababu "limepita sasa hivi". Yapo mengine yanakuja, na vumbi la lililopita ndilo linaloyaficha.

Hatua ya 8: Mpe kazi

Hili la daftari niligundua kwa bahati mwaka wa pili. Rali si kama mpira. Gari linapita kwa sekunde tano, halafu unakaa dakika kadhaa ukitazama barabara tupu na mbwa wa mtu. Kijana hujaza dakika hizo kwa simu. Mzazi husinzia, au huanza kuwaza kuku aliowaacha nyumbani.

Nilimpa mama daftari na saa yangu ya mkono. Akachora mistari: namba ya gari, dereva, saa lilipotupita, maelezo. Safu ya maelezo ndiyo inayonifurahisha. Kwa Kalle Rovanperä, aliyeshinda 2024, aliandika, "Mtoto mtulivu, hapigi kelele na gari." Kwa dereva mwingine ambaye sitamtaja: "Huyu ana haraka ya kwenda wapi?"

Ili aandike vizuri, mweleze mpangilio. Helikopta husikika kwanza. Kisha hupita magari ya usalama, yenye sifuri ubavuni, 000, 00, 0, na mengi yanakwenda kasi. Usimruhusu aanze kuandika hayo. Ndipo waje washindani. Ijumaa huanza yule anayeongoza msimu, lakini Jumamosi mpangilio wa madereva wakuu hugeuzwa: anayeongoza mashindano hupita mwisho wa kundi lao. Wa mbele kabisa hufagia changarawe kwa ajili ya wenzake, ndiyo maana hapendi kuwa wa mbele. Mama alielewa hili haraka kuliko mimi. "Kama anayetangulia kwenda kisimani asubuhi," alisema. "Umande wote ni wake."

Mwoneshe pia lile bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele. Ni la kuvutia hewa juu, ili injini isimeze maji wala vumbi. Magari ya zamani yalikuwa nalo, na haya ya kisasa yanapokuja Kenya hulifunga tena. Mama alipoliona alinipiga kofi la bega: "Si nilikuambia! Hawajapata dawa nyingine!"

Madereva wakuu wakishapita, nusu ya umati huondoka. Msiondoke. Nyuma yao wanakuja wetu: Karan Patel, bingwa wa Afrika wa 2022 na 2023, McRae Kimathi, aliyepewa jina la yule Colin McRae aliyeshinda Safari mara tatu, na wengine ambao magari yao yamefungwa kwa waya na maombi. Hapo watu hushangilia kwa majina ya ukoo, na kwa mzazi aliyekulia enzi za Joginder, Shekhar Mehta na ushindi wake mara tano, kisha Patrick Njiru na Ian Duncan, ndipo mashindano yanapoanza. Mkisubiri mtakuwa pia na mahali pa kunyoosha miguu. Ondokeni gari la mwisho la kufagia njia likishapita na mashali akisema.

Hatua ya 9: Choo na chakula

Choo kwanza. Mkifika, kabla hata ya kufungua kiti, tafuta vilipo vyoo na umpeleke akavione. Mzazi asiyejua choo kiko wapi hatakunywa maji. Nendeni asubuhi vikiwa safi, kisha magari yakiwa katikati ya kupita, wakati hakuna foleni. Beba karatasi na sabuni yako.

Chakula beba cha nyumbani: nduma, mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, na chai kwenye chupa mbili, moja bila sukari kama ana kisukari. Wauzaji watakuwepo, na mahindi choma ya pale ni matamu, lakini samosa iliyokaa juani tangu asubuhi isimkaribie.

Kati ya mkondo wa asubuhi na wa alasiri kuna saa kadhaa za bure. Mwache alale kitini, leso usoni. Ukiwa mahali unapoliona ziwa, mwambie akiamka atazame ng'ambo: kile kilima kilicholala chali kama mtu, pua juu, ndicho Wamaasai walichokiita Elngiragata Olmorani, morani aliyelala, na ndicho kilichoupa mkondo wa Sleeping Warrior jina lake.

Hatua ya 10: Kurudi

Msiingie barabarani mara tu mbio zinapoisha. Barabara kuu ya Nakuru na Nairobi jioni ile husimama. Rudini kwenye gari, vueni gambuti, kunyweni chai ya mwisho, mngoje giza liingie kidogo na pupa za watu zipungue. Mkiwa mmeegesha upande wa Gilgil, Kikopey ipo, nyama choma iko tayari, na mtu akishaketi kwenye kibanda pale foleni inakuwa ni sinema. Agiza mbavu laini. Meno ya mzazi si yako.

Kisumu msirudi usiku huo. Laleni Nakuru, mwondoke Jumapili baada ya chai, na mmalizie Hell's Gate kwenye redio au simu mkiwa njiani. 2025 tulikuwa Awasi niliposoma kwamba Elfyn Evans ameshinda. Mama alifungua daftari, akatafuta ukurasa wa Jumamosi, akaangalia alichoandika kumhusu, akalifunga bila kunionesha.

Nyumbani, nguo za Safari usizitie kwenye ndoo moja kwa moja. Zikung'ute nje kwanza, mbali na zilizoanikwa, kisha zisuuze kwa maji matupu mara mbili kabla ya sabuni. Lile vumbi likikutana na sabuni kwanza linakuwa tope, na leso nyeupe haitarudi kuwa nyeupe tena. Ya mama bado ina rangi ya chai ya maziwa, na amekataa ninunue nyingine.